Oksidi Ndani ya Betri: Kutoka Meza ya Fundi Simu wa Buguruni hadi Chumba cha Dharura

Asubuhi ya Buguruni huanza mapema. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, magari ya mizigo huwa yamekwisha kujipanga katika Barabara ya Mandela yakielekea bandarini, wauza matunda wamefungua magunia yao, na fundi simu ametandaza bisibisi, koleo na chuma cha kulehemu juu ya meza ndogo pembezoni mwa soko. Mezani pake hazikosekani betri za aina tatu: betri ya simu iliyovimba kama andazi, betri ya akiba iliyokatika waya, na betri bapa ya mviringo iliyotolewa katika rimoti ya televisheni, ile ambayo watu wengi huiita betri ya saa.

Kwa mteja, vitu hivyo ni vichakavu vya kutupwa. Kwa mhudumu wa afya vina uzito mwingine. Kimoja kinaweza kumletea mgonjwa aliyeungua mkono na kuvuta moshi wenye sumu. Kingine kinaweza kumletea mtoto mwenye kidonda katika umio ambacho kila saa inayopita hukizidisha. Hata hivyo, ni jamii hiyo hiyo ya betri inayoendesha mashine ya kupima sukari, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, na kifaa kinachoshtua moyo uliopoteza mapigo yake. Ili kuelewa kwa nini kitu kimoja huponya hapa na kujeruhi pale, inafaa kwanza kujua kilichomo ndani yake.

Kinachotendeka ndani ya betri

Betri ina sehemu kuu tatu: elektrodi hasi, elektrodi chanya, na elektroliti iliyo kati yao. Katika betri za lithiamu zinazochajiwa, elektrodi hasi kwa kawaida ni grafaiti, na elektrodi chanya ni oksidi ya metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Kutu ya bati ni oksidi ya chuma. Unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba ni oksidi ya titani. Oksidi iliyotawala simu kwa miaka mingi ni ile ya lithiamu na kobalti.

Oksidi hiyo imejengwa kwa matabaka, mfano wa kurasa za kitabu. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika kurasa hizo, huvuka elektroliti na kwenda kujificha katika grafaiti. Simu inapotumika, ioni hurudi zilikotoka, huku elektroni zikipita njia ya nje, yaani ndani ya simu yenyewe, na kuiwasha. Kazi yote ya betri ni safari hiyo ya kwenda na kurudi.

Ugunduzi huo haukuja siku moja. Katika miaka ya 1970, M. Stanley Whittingham alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katika matabaka ya salfidi ya titani. Mwaka 1980, John B. Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inatoa nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani alitengeneza betri ya mfano isiyotumia lithiamu tupu, ambayo ni hatari, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Wakati huo Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97.

Kobalti inayopita mlangoni

Mkazi wa Buguruni yuko karibu na safari ya metali hii kuliko anavyodhani. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na jirani zake, na Bandari ya Dar es Salaam ni mojawapo ya milango ambayo shaba na kobalti hiyo hutokea kwenda ng'ambo. Barabara ya Mandela, inayokatiza Buguruni, ndiyo moja ya njia kuu za kuifikia bandari hiyo. Metali huondoka ikiwa malighafi na hurudi miezi au miaka baadaye ikiwa ndani ya simu.

Kwa tabibu, kobalti si mgeni. Kiasi kidogo mno kimo katikati ya molekuli ya vitamini B12, ambayo mwili hauwezi kutengeneza damu vizuri bila ya kuwa nayo. Lakini kiasi kikubwa hudhuru. Katikati ya miaka ya 1960, viwanda vya bia huko Quebec, Kanada, vilitia kobalti katika bia ili povu lidumu, na baadhi ya wanywaji wakubwa wakapata ugonjwa wa misuli ya moyo na kufa. Vumbi la kobalti linalovutwa kazini huweza kuleta pumu na makovu ya mapafu, na likigusa ngozi huweza kuleta mzio. Kwa hiyo mgonjwa anayevunja au kuchoma betri ili kupata metali, akija na kikohozi kisichopona au upele wa mikono, anastahili kuulizwa swali moja rahisi: unafanya kazi gani?

Kwa nini watafiti wanatafuta chembe ndogo

Grafaiti ni elektrodi mwaminifu, lakini ina kikomo. Gramu moja ya grafaiti haiwezi kuhifadhi zaidi ya miliampea-saa 372 za umeme. Oksidi kadhaa za metali zinaweza kuzidi hapo kwa mbali: kwa hesabu za kemia, oksidi nyekundu ya chuma, ndugu wa kutu, hufikia takriban 1,000, na oksidi ya kobalti yenye atomi tatu za metali kwa nne za oksijeni hufikia takriban 890. Mwaka 2000, Philippe Poizot, Jean-Marie Tarascon na wenzao nchini Ufaransa walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba chembe ndogo sana za oksidi za metali zinaweza kutumika kama elektrodi hasi na kurudia kazi hiyo mara nyingi. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimeifuata njia hiyo.

Tatizo lake linafanana na tatizo la kitabibu. Lithiamu inapoingia ndani ya oksidi ya namna hiyo, elektrodi huvimba, inapotoka, hunywea. Grafaiti huongezeka kwa takriban asilimia 10 tu, lakini bati iliyotokana na oksidi yake huweza kuongezeka hadi zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake wa awali. Kitu kinachovimba na kunywea hivyo kila siku hupasuka, kama ngozi kavu ya kisigino inavyofanya ufa. Vipande hukosa mguso wa umeme, na betri hufa mapema.

Hapo ndipo chembe za nano zinapokuja. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita; chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,500, ilhali chembe zinazozungumzwa hapa huwa chini ya 100. Chembe ndogo huvimba bila kupasuka kwa urahisi, na ioni ya lithiamu haina safari ndefu ya kufika katikati yake: umbali ukipungua mara 10, muda wa safari hupungua mara 100 hivi. Tena eneo la nje huongezeka mno. Mchemraba wa sentimita moja una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba midogo ya nanomita 100, jumla ya eneo hilo hufikia mita za mraba 60. Mwili wa binadamu ulitumia hekima hiyo kabla ya wahandisi: mapafu yanaenea ndani ya kifua, lakini vifuko vyake vidogo vya hewa, vikitandazwa vyote, vina eneo la takriban mita za mraba 70.

Chembe za oksidi peke yake hazitoshi, kwa kuwa nyingi hazipitishi umeme vizuri na hupenda kugandamana. Kwa sababu hiyo huchanganywa na kaboni, ambayo hupitisha umeme na kuacha nafasi ya chembe kuvimba bila kuharibu jirani zake. Mchanganyiko huo ndio unaoitwa nanokompoziti. Ubora wake ni mkubwa, lakini haujamaliza matatizo: eneo kubwa la nje hula sehemu ya lithiamu katika chaji ya kwanza, na gharama ya kutengeneza bado ni kubwa. Ndiyo maana simu nyingi zingali zikitumia grafaiti.

Ipo oksidi moja iliyokwisha kutoka maabara na kuingia sokoni: ile ya lithiamu na titani. Haivimbi karibu kabisa, huchajiwa haraka, na haielekei kuotesha miiba ya lithiamu inayoweza kutoboa betri kwa ndani. Bei ya usalama huo ni uwezo mdogo, miliampea-saa 175 tu kwa gramu, chini ya nusu ya grafaiti. Kila elektrodi ina ukarimu wake na ubahili wake.

Chembe zilizofungwa na chembe zilizoachiliwa

Wapo wanaouliza kama chembe hizi ni hatari kwa mtumiaji wa kawaida. Zikiwa zimefungwa ndani ya betri nzima, hazimfikii mtu. Hatari huanza zinapokuwa vumbi au moshi. Mafundi wa kuchomelea wanaijua hali hiyo hata kama hawajui jina lake: anayechomelea bomba au bati lililopakwa zinki huvuta chembe ndogo za oksidi ya zinki, na saa chache baadaye hupata homa, baridi, kikohozi na maumivu ya mwili. Hiyo ni homa ya moshi wa metali. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, historia ya kazi huweza kumaliza fumbo. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa kama kinga hayazuii moshi kuingia mapafuni. Hewa ya kutosha na barakoa inayofaa ndiyo kinga.

Betri ya simu inapovimba na inapowaka

Kuvimba kwa betri ya simu ni jambo tofauti na kuvimba kwa elektrodi kulikoelezwa hapo juu. Kinachoijaza betri hiyo ni gesi itokanayo na kuharibika kwa elektroliti, kwa sababu ya uzee, joto, chaji isiyofaa au jeraha. Betri ya namna hiyo haitobolewi ili itoe upepo, haigandamizwi ili irudi, wala haichajiwi tena.

Ikipasuka, kemia yake huwa mafuta na hewa ya moto wake kwa pamoja. Oksidi ya kobalti ikipata joto kali huachia oksijeni yake, na elektroliti ni kimiminika kinachowaka. Moshi wake huweza kuwa na floridi ya hidrojeni, gesi inayochoma macho, ngozi na njia ya hewa. Kwa betri ndogo ya simu, maji mengi husaidia kuzima na kupoza, mradi chaja imechomolewa ukutani. Moto huweza kuwaka tena, kwa hiyo kilichobaki kiwekwe nje, mbali na watu.

Aliyeungua avuliwe nguo zilizoathirika na sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na majivu havipakwi. Kituoni, mhudumu aulize kama mgonjwa alivuta moshi, apime oksijeni, asikilize mapafu, na amweke chini ya uangalizi mwenye kikohozi au kubanwa kifua, kwa kuwa uvimbe wa njia ya hewa huweza kujitokeza baada ya saa kadhaa. Maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha ni ishara ya kufikiria floridi, na jeli ya kalsiamu glukoneti hupakwa ikiwa ipo.

Betri bapa na saa mbili za kwanza

Katika betri zote zilizo mezani pa fundi, ndogo kuliko zote ndiyo inayohofisha kuliko zote. Betri nyingi bapa za lithiamu zimeandikwa CR2032. Herufi C inaonyesha kwamba elektrodi yake chanya ni oksidi ya manganizi na hasi ni lithiamu. R inaonyesha umbo la mviringo. 20 ni kipenyo kwa milimita. Na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Imo katika rimoti, vitu vya kuchezea, mizani na taa ndogo. Imo pia katika mashine nyingi za kupima sukari, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa kisukari na mtoto mdogo ina sababu ya ziada ya kuwa na hadhari.

Mtoto akiimeza, kipenyo cha milimita 20 kinatosha kuifanya ikwame katika umio. Hapo tishu zenye majimaji huunganisha pande zake mbili, na umeme huanza kupita. Watu wengi hudhani hatari ni sumu inayovuja, sivyo. Umeme huyavunja maji ya tishu, na upande hasi wa betri hutengeneza alkali kali inayoyeyusha nyama, mfano wa magadi makali. Jeraha kubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Betri iliyokwisha nguvu kiasi cha kushindwa kuendesha rimoti huwa bado na volti za kutosha kuunguza umio.

Ugumu ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeona mtoto akimeza. Dalili zake hufanana na za maradhi ya kawaida: kutoa udenda, kukataa chakula, kutapika, kikohozi, kukoroma wakati wa kupumua, homa. Mtoto huweza kutibiwa mafua au nimonia kwa siku mbili huku umio ukitoboka. Mama akisema, "Rimoti imekutwa wazi na betri haipo," maneno hayo yachukuliwe kuwa ni dharura hata kama mtoto anacheza.

Mtoto apelekwe mara moja mahali penye eksirei, na picha ionyeshe kuanzia shingo hadi tumbo, kwa mbele na kwa ubavu. Kwa mbele, betri huonekana kama sarafu, lakini ukingo wake una duara mbili, moja ndani ya nyingine. Kwa ubavu huwa na ngazi ndogo upande mmoja. Sarafu haina alama hizo. Upande mwembamba wa ngazi hiyo ndio upande hasi, na tishu zinazoutazama ndizo zitakazoumia zaidi: ukielekea mbele, bomba la hewa limo hatarini, ukielekea nyuma, uti wa mgongo na mshipa mkuu wa damu.

Mtoto aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze betri, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali hufunika betri na kupunguza makali ya alkali. Haiitoi wala haiponyi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulini. Zaidi ya asali, asile wala asinywe chochote, asitapishwe, na safari isicheleweshwe kwa sababu ya kutafuta asali.

Betri iliyokwama katika umio hutolewa kwa kifaa cha kuchungulia umio, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kwa mkazi wa Buguruni, njia ya rufaa ni fupi kuliko ya wengi nchini: Hospitali ya Amana iko karibu, na Hospitali ya Taifa Muhimbili haiko mbali. Kituo cha kwanza kinachotakiwa ni kutambua, kupiga simu mapema ili timu ijiandae, na kumtoa mgonjwa mlangoni bila kumzungusha. Baada ya betri kutolewa jeraha huendelea kwa siku na hata wiki kadhaa. Mtoto aliyerudi nyumbani akitapika damu kidogo au kupata choo cheusi, arudishwe hospitali papo hapo. Damu hiyo kidogo huweza kutangulia ile kubwa. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura, wala isitiwe matone ya dawa, kwa kuwa unyevu huongeza kuungua.

Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayodai vifaa vyenye betri hizo viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Pale ambapo kifuniko kimelegea, utepe wa gundi uliozungushwa mara mbili nyuma ya rimoti ni kinga ya bei ndogo.

Oksidi inayolinda moyo

Si haki kumaliza bila kutaja upande wa pili. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa kile ambacho wananchi hukiita betri ya moyo. Kifaa cha kuongoza mapigo hutumia umeme mdogo sana, na tangu mwaka 1972 betri ya lithiamu na iodini imekitosha. Lakini kifaa cha kushtua moyo hudai nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kwa kazi hiyo, elektrodi iliyotumika kwa miongo kadhaa ni oksidi ya fedha na vanadi. Mwenye kifaa cha namna hiyo ahudhurie kliniki kama alivyopangiwa, kwa kuwa betri haichajiwi bali hubadilishwa, na simu aiweke angalau sentimita 15 kutoka kifuani. Kwa jamii zinazochoma maiti, kifaa hutolewa kwanza, kwani hulipuka motoni.

Jioni, fundi wa Buguruni hukunja meza yake. Betri zilizovimba zisitupwe pamoja na takataka zinazoishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako mwokota chupa atazikanyaga. Ziwekwe katika chombo kikavu, mbali na jua, hadi zifike kwa mkusanyaji wa taka za elektroniki aliyeidhinishwa. Betri bapa zifungwe kwa utepe pande zote mbili na kuwekwa juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Na nyumbani, kabla ya kulala, mzazi ageuze rimoti na kutazama nyuma yake kama kifuniko kipo.